Jina Lililomnyamazisha Dada

Nilipokuwa bado wa kutumwa chumvi, pale mtaa wa Kaloleni, nilikuwa na akili kuliko walimu wangu wote. Ndiyo maana baadaye niliwaachia shule yao. Cheka tu. Leo ninachoma nyama soko la Burma na hakuna anayenifikia kwa kisu. Lakini kuna mchana mmoja ambao hata mimi, na mdomo wangu huu, huusimulia polepole.

Baba alitutoka mama akiwa mjamzito. Dada yangu alipozaliwa, mama akajifunga kibwebwe: asubuhi anafua nguo za watu mtaa wa Donholm, mtoto mgongoni, jioni anauza mandazi mlangoni. Wamama wa kanisa wakija kusaidia, hawapiti kizingiti.

"Asanteni. Nitajisimamia."

Mama Rispa, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko kwaya nzima, alimjibu siku moja, "Haya, jisimamie. Na ukianguka, utajiokota?"

Mama akafunga mlango. Nikajivunia mama yangu, bwana.

Kisha mtoto akaanza kulia. Analia asubuhi, analia mchana, titi hataki. Mama akampa dawa ya duka, akamkanda, akamwimbia mpaka sauti ikamkauka. Ndipo Kukhu, mamake baba, akafika kutoka Bungoma na kuku kwapani. Alimtazama mjukuu wake mara moja tu.

"Huyu anatafuta jina lake."

Kwetu wazee husema hivyo: mtoto asiyekoma kulia, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa ndani yake. Unawataja mmoja mmoja. Ukimfikia mwenyewe, mtoto hunyamaza na kunyonya.

Kukhu akampakata. "Ni wewe, Nekesa?" Kilio. "Ni wewe, Nafula?" Kilio.

"Jaribu mzee Wafula," nikachangia.

"Nyamaza wewe! Unataka kumpa dada yako mlevi?"

Wakataja mashangazi, wakataja mabibi wa mabibi. "Basi ni wewe, Nasimiyu?"

Mtoto akanyamaza.

Kukhu akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mama akaanguka kitandani akicheka, machozi yakimtoka, kicheko cha kwanza tangu mazishi ya baba. "Si niliwaambia nitaweza?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na uso wa mtoto. "Lakini hanyonyi."

"Amechoka kulia," Kukhu akasema. "Mwache apumzike."

Mama akamtia titi mdomoni. Maziwa yakatiririka shavuni. Kile kimkono kikaning'inia tu. Dada hakuwa amepata jina. Alikuwa ameishiwa na pumzi ya kulilia.

Mama akatoka naye mbio, pekupeku, mimi nyuma na leso. Hakufika mbali. Karibu na ukumbi wa mtaa aliketi kando ya barabara, na aliyekuwa akipita ni Mama Rispa. Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu kitu. Siku hiyo alimnyooshea mtoto.

"Nishikie. Siwezi."

Nilingoja Mama Rispa amjibu vile anavyojua. Wapi! Alimpokea mtoto, akamwinua mama kwa mkono ule mwingine, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini muuguzi akamchukua mtoto, akasema ni mapafu, mlango ukafungwa. Mama alibaki amekunja mikono kana kwamba bado amebeba. Kisha akaishusha.

"Mungu, nimemshika mpaka nimechoka. Ni wako. Na mimi nishike."

Basi. Hakuahidi kitu, hakuweka nadhiri. Aliegemea bega la Mama Rispa akalala pale kwenye benchi, na mimi nikapandwa na hasira. Mtoto wako yuko kule ndani, wewe unalala? Nikamtikisa.

"Mwache," Mama Rispa akaninong'oneza. Sikujua kama anaweza kunong'ona. "Ameshakabidhi."

Jioni tulimsikia dada akilia nyuma ya mlango, na hakuna aliyetaka anyamaze.

Kukhu alishikilia ni Nasimiyu tangu mwanzo, na jina likabaki. Wajuaji wa Burma huniuliza, ni Mungu aliyemponya au ni oksijeni? Sibishani, na wanaonijua wanajua napenda ubishi. Ninachojua ni kwamba mama alilala kabla hajapata jibu. Angeweza kuamshwa na habari yoyote ile, hata ya kifo. Mtu aliyejitegemea kama yeye, kuachilia hivyo kulimgharimu kuliko kufua nguo za Donholm yote.

Mwaka huu mke wangu anaumwa. Nampeleka, namrudisha, napika, narudi kazini, napiga kelele zangu za kawaida ili wateja wasijue. Nimechoka, jamani, na neno hilo sijazoea kulitamka. Juzi nilikuwa nje ya chumba cha daktari, nimesimama kama askari, ninavyosimama kila mara, eti nikiketi mambo yataharibika. Nikajaribu kusema, "Ni wako." Likatoka nusu. Nikalisema tena.

Sikupata usingizi kama mama. Lakini niliketi.