Mpishi Niliyemkata

Mimi ni mtafsiri wa muvi, tena mwenye mdomo. Nilikodi chumba Kihesa, hapa Iringa, nikabandika trei za mayai ukutani kuzuia kelele, nikawa naingiza sauti yangu ya Kiswahili juu ya Kiingereza. Steringi, yule shujaa wa muvi, nilimpa maneno ya vijiweni, adui nikampa lafudhi ya mwenyekiti wa mtaa wetu. Watu wakapenda. Flashi zangu zilifika mpaka Mbeya, zikawa zinachezwa kwenye mabasi.

Mficha uchi hazai, ngoja niseme. Wale watu wadogo wadogo wa kwenye muvi nilikuwa siwatafsiri. Mlinzi wa geti, mfagiaji, muuza matunda, wakianza kuongea mimi natia utani wangu, au nakata kabisa. Nani kaja kumtazama mfagiaji? Watu wanataka steringi bwana.

Basi ikaja hadithi moja ndefu ya huko angani, sehemu tano, wafalme na wachawi wanagombania nyota. Katika sehemu ya kwanza kuna mpishi wa merikebu ya mfalme, mama mtu mzima. Anakaa chini jikoni, anaongea kama dakika tatu hivi, peke yake. Mimi njaa ilikuwa inaniuma. Nikarekodi: "Huyu mpishi tu jamani, mpishi ana stori gani? Twendeni vitani!" Nikamkata, nikatoka kwenda kununua chipsi.

Sasa, mama yangu ni mpishi. Amepika shule ya bweni kule Rujewa tangu sijazaliwa, na mimi nimesomeshwa na masufuria hayo hayo. Mwaka jana alipanda basi kuja kunisalimia Iringa, na konda akaweka muvi ile. Mama kusikia sauti yangu tu, akawatangazia abiria: "Huyo ni mwanangu! Nimemzaa mimi!" Wakampongeza. Wakamuuliza, na wewe mama unafanya kazi gani? Akawaambia kwa raha zake.

Haikupita robo saa, sauti ya mwanawe ikamtukana mbele za watu. Basi zima likaangua kicheko, wengine wakageuka kumtazama.

Na haikuishia hapo. Mwisho wa muvi ni mpishi yule yule anayewafungulia maadui mlango, mfalme anapinduliwa, na vita vyote vya sehemu nne zinazofuata vinaanzia mlangoni hapo. Abiria wakapiga kelele: "Heee! Huyu naye kawasaliti kwa lipi?" Mmoja akamwambia mama, muulize mwanao.

Alipofika kwangu alinisimulia yote hayo bila kupandisha sauti. Kisha akauliza, "Alisema nini pale ulipomkata?"

Sikujua. Sikuwahi kumsikiliza. Nikabuni: "Alikuwa analalamikia vyombo, mama."

Akanitazama. "Mwanangu, mimi ni mpishi. Mtu hamfungulii adui mlango kwa sababu ya vyombo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikawasha kompyuta, nikamtafuta yule mama wa jikoni, nikarudia maneno yake mara tatu niyapate vizuri. Mama alikaa kando yangu na mfuko wa mchele aliokuja nao miguuni, anangoja.

"Anasema amewapikia watu wa merikebu hii tangu mfalme akiwa mtoto," nikamwambia. "Wanaulizia chumvi, wanaulizia nyama. Hajatokea hata mmoja wa kumuuliza, na wewe umekula?"

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Eeh," akasema. "Hapo sawa."

Mimi nikaangalia saa. Ilikuwa saa sita mchana. Mama alifika kwangu saa nne asubuhi, na nilikuwa sijamwekea hata chai.

"Mama, samahani, ngoja nikatafute..." nikaanza. Lakini alishasimama, keshajifunga kanga kiunoni, ananiuliza unga naweka wapi.