Ramani Niliyoichora Ndiyo Iliyowapeleka Lamboni na Mapanga

Admin, jina langu lifute lote, hata herufi ya kwanza usiiache, maana huku kwetu watu wanajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunaishi kijiji kimoja cha Handeni, ukitoka Chanika si mbali sana. Mimi ni Mzigua, mume wangu ni Msambaa wa Bungu, alikuja huku kutafuta shamba la mahindi. Niliishia kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri. Huo mwandiko ndio ulioniponza.

Chuo kikuu kimoja kilipata ufadhili wa kufanya utafiti pamoja na sisi wanakijiji, kuhusu ugomvi wa wakulima na wafugaji. Walisema sisi ni wabia wao, tuchague wadodosaji wetu wenyewe, na majibu yarudi kwetu. Nikachaguliwa mimi. Jamani, kile kitambulisho cha shingoni nilikuwa nakivaa hata nikienda mashineni kusaga.

Wanawake wa wafugaji mwanzoni hawakutaka kunisikia. Aliyenifungulia mlango ni mmoja nitakayemwita Nasieku, si jina lake. Alinipa maziwa, akawaita wenzake, tukakaa chini na karatasi ya manila tukachora ramani: mashamba, njia za ng'ombe, lambo la kunyweshea mifugo. Nikauliza kama nilivyofundishwa, ni wakati gani mnaona hamko salama? Nasieku akasema, "Siku ya mnada wa ng'ombe, dada. Wanaume wote wanakwenda. Tunabaki sisi na watoto, saa nne tunanywesha ndama lamboni." Nikaandika yote kwa wino mwekundu, na mshale juu.

Mwalimu wa chuo alisema wafadhili wanataka mrejesho kijijini kabla ya ripoti, na tuandae muhtasari tu. Mimi mjuaji nikaibandika ramani yenyewe kwenye ukuta wa nje wa ofisi ya mtendaji. Hakuna aliyenituma. Nilitaka watu waione kazi yangu.

Wiki hiyohiyo ng'ombe waliingia mashambani kwetu, na vijana wa wafugaji wakampiga shemeji yangu fimbo mpaka taya likavunjika. Kijiji kikachemka. Nikawaona wanaume wamejaa mbele ya ramani, nikafurahi kwamba wanasoma.

Siku ya mnada nilikuwa napalilia karibu na lambo. Nikasikia mayowe, nikatupa jembe nikakimbia. Maji yalikuwa mekundu. Ndama walikuwa wamekatwa miguu ya nyuma, wanajiburuta tumboni, na wanaume wetu waliojifunga vitambaa usoni bado wanakata. Bibi mmoja alikuwa amelala kwenye tope, kichwa kimepasuka. Nasieku alikuwa na mtoto mgongoni. Mwanaume mmoja akamfuata, akainua panga kumwelekea mtoto. Nasieku akageuka, akakinga kwa mkono. Kiganja kilibaki kimening'inia kwa ngozi. Nilipiga kelele, yule mwanaume akaniangalia. Usoni alikuwa amejifunga mtandio wangu wa njano.

Ni mume wangu. Baba wa watoto wangu, anayeniamsha kwa chai nikiumwa.

Wakatawanyika. Nilimfunga Nasieku mkono kwa kanga yangu, akapelekwa hospitali Korogwe. Yule bibi alifia njiani. Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu ananawa. Nikamwambia, "Umetaka kuua mtoto!" Alinishika koo akanibana ukutani mpaka nikaona giza. Akasema, "Ramani ulichora wewe. Siku na saa umeandika wewe. Nikienda jela tunaongozana." Akaniachia, akanitupia shati lake lenye damu. "Fua." Nikafua. Nasema ukweli wangu wote hapa, nilifua, na mtandio nikauchoma moto.

Polisi walikuja, hakuna aliyeona kitu. Na mimi sikuona. Ramani niliibandua mwenyewe, nikamwambia mtendaji imelowa mvua. Tangu hapo mume wangu akipandisha hasira hanipigi, ananigusa koo tu kwa kidole, nanyamaza.

Sasa imepita miezi mitano. Viongozi waliwaandikia chuo kwamba ulikuwa ugomvi wa mashamba tu na hali imetulia; ya ramani hawakutaja. Juzi mwalimu wa chuo amenipigia, ana furaha. "Dada yangu, wafadhili wanakuja Korogwe Alhamisi. Nataka wewe na Nasieku msimame pamoja muwaeleze ubia wetu umesaidia nini. Wakiridhika, awamu ya pili imepita." Awamu ya pili ndiyo yenye lambo jipya la mifugo, tulilolipendekeza wenyewe. Bila hilo lambo wataendelea kugombania maji yaleyale, na watu watakatana tena. Hilo nalijua kuliko hao wafadhili.

Nikiwaeleza yaliyotokea, nani atatoa fedha mahali ambapo utafiti wake uliua? Mume wangu atafungwa, labda na mimi. Wanangu watabaki na nani? Lakini nimechoka kulala na mtu huyu. Kila akikata nyama jikoni, natoka nje.

Jana nilimpigia Nasieku, nikitegemea atakataa kuja, roho yangu ipone. Mkono ulikatwa wote hospitali. Akaniambia, "Nitakuja, dada. Polisi wameniuliza mara mbili, nikawaambia sikumjua aliyenikata. Lakini wewe ulikuwepo, ulimwona vizuri. Mimi sijui kusema mbele za watu. Wewe ndiye utanisemea."

Nikamjibu, "Sawa, mdogo wangu."

Msinitukane kwanza, nimeshajitukana vya kutosha. Alhamisi nitapewa kipaza sauti, naye atakuwa amesimama ubavuni mwangu. Nishaurini ndugu zangu, niseme nini?