Nilimfokea mama mbele ya jumuiya kwa sababu ya togwa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na sijayapamba. Mtakaonisema, semeni tu.

Naishi Chanji, Sumbawanga mjini. Mama alikuwa analima ulezi kule Mollo, nikamleta kwangu mzee alipofariki.

Kwa togwa, kile kinywaji kitamu cha ulezi kisicholevya, huyu mama alikuwa noma. Harusi, kipaimara, wanamfuata yeye.

Baadaye dalili zikaanza. Anatia chumvi mara mbili, anaacha jiko linawaka anatoka nje. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mama hayuko sawa." Nikamjibu anadeka tu. Ubishi wangu huo!

Ikafika zamu ya jumuiya kusali kwetu. Nilishatamba kwa watu kwamba watakunywa togwa ya mama. Mke akataka kumsaidia, nikamkatalia.

Sala ikaisha, togwa ikamiminwa. Mwenyekiti wa jumuiya akanywa funda moja, akaweka kikombe chini. Nikaonja. Uji uliopoa, kimea cha kuutia utamu hakuna, chumvi tele.

Nikawaka. "Mama, umeniaibisha! Umefanya makusudi!"

Yaani rozari bado iko mkononi, wakuu.

Mama akawa anafuta mikono kwenye kitenge.

Asubuhi yake nikamkuta jikoni. Kapanga sufuria, unga, kimea na mwiko sakafuni, moto hajawasha. Kuniona akashtuka, akapiga goti:

"Shikamoo, baba. Usinifokee. Nimesahau kinachoanza."

Mimi na mama tangu nizaliwe tunaongea Kifipa. Siku hiyo aliniamkia kwa Kiswahili, kama ameingia ofisi ya mtu. Mama yangu mzazi ananiogopa! Nililia pale pale.

Hospitali wakasema ni dementia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hata kazi aliyoifanya maisha yake yote, hatua zake zinampotea. Sio kudeka, na sio kurogwa kama majirani walivyoanza kunong'ona.

Siku hizi mke anamtajia hatua moja moja, mama anakoroga. Inachukua muda, lakini togwa inatoka.

Nilichojifunza: mzee akianza kukosea kazi aliyoizoea, mpeleke hospitali kabla hujafungua mdomo wako.

Wenye wazazi wa hivi nishaurini, hata matusi nitapokea. Nimeshamuomba msamaha mara tatu. Kila mara ananishika mkono, ananiuliza, "Kwani ulinifanya nini, mwanangu?"

Nashindwa kumwambia.