Karatasi Iliyobandikwa Dirishani

Juzi nilimpeleka binti yangu maktaba, huku ughaibuni Rockville, akaniletea kitabu cha watoto chenye picha ya Mchina wa kale akichemsha magome na matambara. Nikajikuta nimekaa chini pale pale kwenye zulia. Hadithi ile naijua, rafiki yangu, ila naijua nusu.

Nusu hiyo alinipa bibi, aliyetoka Tanga kuja kutusaidia kulea mdogo wangu alipozaliwa, kwenye fleti yetu Alexandria, mji usio mbali na Rockville. Huku akichoma vitumbua alinisimulia Uchina ya zamani, watu walivyochoka kuandika kwenye vipande vizito vya mianzi, mpaka afisa mmoja wa mfalme akaloweka magome, matambara na nyavu kuukuu. Alipenda kusema kilichochakaa si kilichokufa.

Siku moja akasema na sisi tutengeneze karatasi yetu. Tukachanachana matangazo ya maduka na kipande cha kanga yake, tukaloweka, tukasaga kwa blenda ya mama, tukachuja kwa chekeche la unga. Uji ule ulinuka boksi lililonyeshewa. Bibi akaubandika kwenye kioo cha dirisha la chumbani, lile la upande wa miti, si la upande wa magari.

"Kaa uilinde," akaniambia. "Ikikauka itabanduka yenyewe, nije nikumalizie hadithi."

Nikakaa. Nilisikia mabegi yakiburutwa, nikasikia mlango, wala sikugeuka, maana nilikuwa na kazi. Karatasi ilipobanduka nikakimbia nayo sebuleni. Alikuwepo baba peke yake, amempakata mtoto.

"Bibi ashaenda airport na mama," akasema. "Ungelia wewe, mpaka a-miss ndege."

Kwetu mtoto hutorokwa ili asilie, hilo nililijua. Mama alinitoroka kila asubuhi akienda kazini. Lakini aliyekuwa akinifuta machozi mama akishanitoroka ni bibi. Ndiyo maana iliniuma, na bado inaniuma. Alipopiga simu sikutaka kuzungumza naye, na hakuja tena mpaka akafariki. Karatasi yenyewe ilipotea tulipohama, na kanga ile sijui iliishia wapi.

"Read me the end, Mama," binti yangu akasema.

Nikamsomea huo mwisho. Afisa anampelekea mfalme karatasi, mfalme anafurahi, basi. Ulikuwa mwisho mfupi tu. Bibi angeweza kunimalizia akiwa amesimama mlangoni, anavaa viatu.