Bendera ya Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimevaa gauni ambalo mama alilipiga pasi mara mbili, na mkononi nilikuwa na mfuko wenye kisu cha kukatia na rula ya chuma. Shefu Atelie, yaani mkuu wa chumba cha rangi, mtu mwembamba aliyepanda cheo mapema na aliyetaka kila mtu alijue hilo, hakuinua hata kichwa.

"Balai iko nyuma ya mulango," alisema, akimaanisha ufagio.

"Shefu, minyi sikukuya kufagia. Nilikuya kukata maletre."

"Maletre gani?"

"Ya ndege," nikasema, maana nilijia herufi na namba zinazoandikwa ubavuni.

Hapo ndipo aliponitazama. Akanisukumia karatasi ngumu na kuniambia nikate namba 8. Nilikata amesimama nyuma yangu, akipumua. Alipoiinua kwenye mwanga wa dirisha hakuona kosa, akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni baba, aliyefika Kamina akifuata reli na kuishia kuandika namba za mabehewa. "Papa anaandikaka mavago ya shemendefere," ndivyo nilivyosema. Siku ile nilifagia pia, maana ufagio ulikuwa umeshafika mikononi, lakini kesho yake sikuugusa.

Karakana yenyewe ya ndege ilikuwa nje ya mji. Jina lake sitalitaja, wanaojua wanajua. Nawaandikia ninyi mnaochonga ndege za mbao na kuzipaka rangi, na ambao mnafika kwangu kuuliza kama nyota iwe kubwa au ndogo. Mnauliza vizuri, ila hamkai mpaka jibu liishe. Safari hii kaeni.

Ndege haiandikwi kama ukuta. Kwanza unapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kutoka riveti hii hadi riveti ile, yaani vile vichwa vya misumari vinavyoshika bati, kwa sababu mwili wa ndege umejipinda na jicho litakudanganya. Kisha unabandika pochoari, ambayo ni karatasi iliyolowekwa mafuta na kukatwa umbo la herufi. Pochoari ya 8 inahitaji vidaraja, vipande vidogo vya karatasi vinavyoshika matumbo yake mawili yasianguke. Ukishapaka rangi na kubandua, vidaraja vinaacha mapengo, nayo unayajaza kwa burashi ya nywele chache. Asiyejaza alirudishwa akajaze mbele ya wenzake. Nilirudishwa mara moja tu, na mpaka leo najua ilikuwa namba gani.

Na hakuna kilichopakwa bila visa, yaani sahihi ya idhini. Kila alama niliichora kwanza kwenye daftari langu la miraba, upande wa kushoto wa ndege kwenye ukurasa wa kushoto, upande wa kulia kwenye ukurasa wa kulia, pamoja na vipimo vyote. Shefu Atelie alikagua, akasahihisha na kutia sahihi kwa kalamu nyekundu, ndipo nikakata. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Basi nchi ikapata jina jipya, Zaire, na bendera mpya: kijani, duara la njano katikati, na ndani ya duara mkono ulioshika mwenge. Ikaja amri kwamba ndege zote zibadilishwe kabla ya wageni kufika. Ya kwanza ilikuwa Dakota yetu kongwe, ndege ya mapangaboi mawili iliyobeba walimu, magunia ya barua, na safari moja mbuzi wa mtu mkubwa ambao walipewa viti.

Bendera kwenye mkia wa ndege ina sheria yake. Ndege inakwenda mbele, upepo unasukuma kitambaa nyuma. Kwa hiyo ule ukingo wa bendera unaofungwa kwenye mlingoti lazima uelekee puani mwa ndege, pande zote mbili. Kushoto unaichora kama ilivyo kitabuni. Kulia unaigeuza, kama inavyoonekana kwenye kioo. Niliichora hivyo daftarini, nikapeleka.

"Sasa hii ya kuume uliigeuza juu ya nini?" aliuliza Shefu Atelie, yaani kwa sababu gani.

"Juu ndege inaenda mbele, Shefu. Muti ya drapo inabakia ku mupua ya ndege, huku na kule."

"Drapo ni drapo. Haina mbele, haina nyuma. Weka sawa ya kushoto."

"Shefu, itakuwa sawa ndege inarudia nyuma."

"Weye njo shefu hapa?"

Akaukata mchoro wangu wa kulia kwa msalaba mwekundu, akaandika chini yake *comme à gauche*, sawa na kushoto, akatia sahihi. Nikakata nilichoamriwa, nikapaka nilichokata. Nilipaka vizuri, hilo nalisema wazi. Kosa lile lilikuwa na kingo safi kuliko usahihi wa watu wengi.

Siku ya wageni, rubani alizunguka mkia, akasimama upande wa kulia, akacheka. "Leo tunaruka kinyumanyuma," akawaambia wenzake. Wageni nao wakacheka. Enjeniya Mkuu, mkubwa wetu sote, hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni pa atelie akauliza kazi hii ni ya nani.

Shefu Atelie alininyooshea kidole. "Ni ule mwanamuke. Nilimuambia ageuze, akakatala."

Daftari lilikuwa chini ya kwapa langu. Nilihitaji kulifungua tu. Sikulifungua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee katika karakana nzima, na niliogopa. Nimejutia mambo machache maishani, na hakuna ninalolijutia kama kimya cha siku ile.

Nilihamishiwa kuosha vipuri. Miezi kumi na mmoja mikono yangu ilikuwa ndani ya pipa la mafuta ya taa mpaka ngozi ikatoka vipande vipande. Shefu Atelie akaandika katika ripoti kwamba bendera ilirekebishwa kesho yake kwa amri yake. Uongo. Rangi ya kijani ilikuwa imekwisha na Dakota ilihitajika, ikaruka vilevile hadi siku ilipokatwa kuwa vyuma chakavu. Kila wiki nilikuwa pale pipani ikitua, ikigeuka mwisho wa uwanja na kunionyesha ubavu wake wa kulia.

Enjeniya Mkuu alinirudisha kwenye rangi baada ya mkataji mpya kuandika namba zilizoinama kama walevi. Baadaye nilipelekwa karakana ya pili, kusini, chini ya Shefu wa Kituo aliyeimba nyimbo za kanisani kutwa nzima na hakupima kitu. Ndege zilipopungua nikarudi Kamina, relini, kwenye kazi ya baba. Msimamizi wa Mabehewa aliona navuta uzi wa chaki akaniambia, "Mama Numbi, vago haiende ku mashindano ya urembo." Nikamjibu kwamba haiendi, lakini ina namba, na namba ikisomeka vibaya mahindi ya watu yatafika kwa wengine. Aliniacha nikavuta uzi wangu hadi siku ya kustaafu.

Miaka hiyo yote hadithi ilinifuata. Siku ya harusi ya binti yangu, mtu mmoja alinitambulisha kwa wakwe: huyu ndiye mama aliyeipindua bendera. Wakwe wakacheka kwa adabu. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa juu ya gunia la makaa hadi hasira iliponishuka.

Ndiyo maana nilipostaafu nilianza kutengeneza ndege ndogo za mfano. Wengine walidhani uzee umenirudisha utotoni. Nachonga kwa mti mwepesi, bati nakata kwenye makopo ya maziwa, na kipimo changu ni moja kwa hamsini: mita moja ya ndege ya kweli ni sentimita mbili kwangu. Herufi niliyopanda ngazi kuipaka sasa ni ndogo kuliko ukucha wangu. Rangi ya kweli ukiipaka kwenye ndege ndogo itaonekana nzito mno, kwa hiyo tia tone la nyeupe. Picha za zamani zisizo na rangi msiziamini peke yake, kwa sababu humo kijani na nyekundu hutoka kijivu kilekile. Na zaidi ya yote, msiirekebishe ndege. Kama ilikuwa na kiraka, weka kiraka. Kama mwandishi wake alichoka akaacha pengo kwenye 8, liacheni pengo. Hamtengenezi ndege ilivyopaswa kuwa.

Ofisi moja ya mjini ilinitumia ujumbe kwamba inataka Dakota kwa ukumbi wake wa mapokezi. Niliitengeneza miezi mitano. Nikaipeleka kwa pikipiki, nimeipakata kama mtoto mgonjwa, dereva nikimwambia kila shimo apite polepole. Mezani walikuwa wawili. Mmoja Mkuu wa Protokoli, mtu wa tai na maneno laini. Wa pili, mshauri wao wa mambo ya kale, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini mwenye fimbo. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa Shefu Atelie.

Mkuu wa Protokoli aliizunguka ndege akifurahi, akafika upande wa kulia. "Mama, drapo ya huku iko mubaya. Bageni batasema hatuyue drapo yetu ya zamani."

"Iko mubaya, ndiyo," nikasema. "Njo vile ilirukaka."

"Ilirukaka vile siku moja tu," alisema Shefu Atelie, akimtazama mwenzake na si mimi. "Huyu mama alikosa, minyi nikatengenezesha kesho yake. Iko mu raporo."

Safari hii daftari halikuwa chini ya kwapa. Nilikuwa nimelifunga kwenye kitenge, nikalifungua juu ya meza, ukurasa wa kulia, msalaba mwekundu, maneno, sahihi. Nikalisukuma taratibu mpaka likagusa mkono wake.

"Shefu, unisomee," nikamwambia. "Macho yangu inaanza kuchoka."

Macho yangu ni mazima. Alitafuta miwani mifuko yote miwili. Akasoma, au akajifanya kusoma, kwa muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji. Kisha akalifunga daftari na kusema, "Ni mambo ya zamani," akatazama dirishani. Nilingoja neno jingine, moja tu. Halikuja.

Mkuu wa Protokoli, ambaye kazi yake ni kutomkasirisha mtu, akapata dawa: ndege iwekwe kwenye rafu, upande wa kushoto uwaelekee wageni, wa kulia uelekee ukuta. Nilimwambia ndege ina pande mbili. Akaniambia rafu ina mmoja. Nikaiacha. Msidhani nilishindwa.

Jumatatu iliyofuata nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda ukumbini kama raia yeyote, nikaishika Dakota kwa mbawa na kuigeuza. Sentinele, mlinzi wa mlangoni, aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia ndege hii nimeitengeneza mimi na nakuja kuipangusa vumbi. Jumatatu ya pili niliikuta imerudishwa, nikaigeuza. Ya tatu vilevile. Mkuu wa Protokoli alitoka ofisini akaniona.

"Mama Numbi, utachoka."

"Baba, niliosha vipuri miezi kumi na mmoja," nikamwambia. "Uniulize tena mwaka kesho."

Hakuniuliza tena, ila mkono wake uliendelea kuirudisha, na wangu kuigeuza, mvua yote hadi kiangazi. Binti yangu aliniomba niache, eti watu wanasema. Nikamwambia wamesema tangu sijamzaa.

Kisha ikaja Jumatatu moja nikaingia ukumbini na kuikuta Dakota imeshageuzwa. Bendera yangu mbovu ilikuwa inatazama mlango, kijani chake kimetulia, kingo zake safi. Nilimuuliza sentinele ni nani aliyeigusa.

"Muzee ya fimbo njo aligeuza," alisema. "Alikuya asubui sana. Akageuza, akaikala pale ku banki. Akaniambia: bakiuliza juu ya drapo, useme ni Shefu Atelie aliamuru."

Nilikaa kwenye benchi hilohilo. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote, nikakosa pa kuiweka. Nililia kidogo, sioni aibu kulisema, nikapangusa uso kwa ncha ya kitenge kabla sentinele hajaona.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Neno lenyewe la kukiri hakunipa mimi. Alimpa sentinele, nusu karne baadaye, na hata hapo alilisema kama amri. Lakini amri hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa yake, na sasa iko wazi kwa kila raia anayeingia kuulizia karatasi. Wanaponitambulisha siku hizi mimi ni mama aliyekata pochoari za Dakota, basi.

Jumatatu iliyofuata nilivaa kitenge changu, nikaenda tena kuangalia.