Hotuba Yangu Kwenye Posa ya Binti wa Shangazi

Kazi yangu ni kutafuta watu wametoka wapi. Kwenye mikutano ya wataalamu huwa naieleza kwa maneno marefu zaidi, lakini nyumbani Chumbageni hakuna aliyewahi kuwa na subira ya kunisikiliza mpaka nikamaliza. Mama huwaambia majirani kuwa mimi ni daktari. Wananiletea magoti yao na presha zao, na nikisema mimi ni daktari wa vinasaba, si wa magonjwa, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyefeli mtihani wa mwisho.

Ili kujua watu walivyohama tangu zamani tunachunguza vinasaba vyao, na vinasaba tunavipata kwenye mate. Kwa hiyo, baada ya miaka yote ya kusoma ughaibuni, nilirudi Tanga na masanduku ya vichupa vitupu, nikaanza kuzunguka vijijini kuomba watu wateme mate. Kule Kigombe bibi mmoja aliniuliza mate yake nayapeleka wapi. Nikamwambia maabara.

"Basi anza wewe, tukuone," akasema.

Kina mama wote waliokuwa wakisubiri wakanigeukia. Nikashika kichupa, nikainamisha kichwa, na mdomo ukanikauka kama niliyefunga. Nikasimama hivyo hivyo mpaka mmoja wao akaingia ndani akanikatia ndimu nilambe. Kitaalamu hairuhusiwi. Nikalamba.

Wiki hiyo hiyo shangazi, dada yake baba, akanipigia simu. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa kule Mwera, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja kuposa. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: anaswali, ana kazi, ana adabu. Kilichomkera shangazi ni babu wa kijana, aliyekuja Tanga zamani kutoka kusini akiwa manamba, kukata mkonge mashambani.

"Sisi asili yetu inajulikana," alisema shangazi. "Shirazi. Hao je? Si ndiyo kazi yako hiyo? Njoo na vichupa vyako uwapime."

"Shangazi, hatupimi watu kwa ajili ya posa."

"Basi njoo bila vichupa."

Usiku wake binti mwenyewe akanitumia ujumbe: "Kaka, mama anakusikiliza wewe. Nisaidie, sema chochote." Ningekuwa na akili ningekwenda kula visheti na kunyamaza. Badala yake nilijiona mkombozi. Nilikaa siku nzima nikitunga hotuba, nikaijaribu mbele ya kioo, nikaongeza na mikono.

Siku ya posa sebule ilijaa. Upande mmoja walikaa baba wadogo wa kijana, upande wa pili baba yangu na mume wa shangazi, mzee mpole ambaye sikumbuki kama nilishawahi kumsikia akizungumza sentensi mbili mfululizo. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani pamoja na wanawake wenzake. Wenzake walisikiliza kimya. Yeye alikuwa akisikiliza kwa sauti.

Baada ya salamu na kahawa, pazia likasema: "Kabla hamjafika mbali, daktari wetu ana neno kuhusu asili."

Nikasimama. Nikawaambia kwamba nimejipima mimi mwenyewe, na upande wa mama zetu sisi watu wa pwani, sehemu kubwa ni watu wa bara la Afrika kama wengine. Nikasema huyo babu aliyekuja kukata mkonge alikuwa anapita njia ambayo mababu zetu nao waliwahi kuipita, ila wao walitangulia. Wageni wakaanza kutikisa vichwa kukubali, nami nikazidiwa na utamu. Nikasema tukirudi nyuma zaidi na zaidi, kizazi kwa kizazi, tutamfikia bibi mmoja.

"Bibi mmoja wa nani?" pazia likauliza.

"Wetu sote, shangazi. Bwana harusi na bibi harusi, wote damu yao ni moja."

Vichwa vikaacha kutikisika. Nilidhani nimewagusa.

"Kwa hiyo ni ndugu," alisema shangazi.

"Kwa maana ya..."

"Mmemsikia mtaalamu. Mimi sikusema kitu. Kasema mwenyewe, kasoma mwenyewe. Ndugu hawa, haifai."

Wageni wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini. Nikajaribu kueleza kwamba huyo bibi ni wa zamani mno, wa maelfu kwa maelfu ya miaka, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana ninaficha jambo. Baba aliniangalia kwa macho ya kuniambia nikae, lakini hotuba ilikuwa bado na kurasa. Kutoka ndani nikasikia mtu anavuta kamasi, nikajua ni yule niliyekuja kumsaidia.

Hapo mume wa shangazi akakohoa.

"Mama watoto," akasema, akiligeukia pazia. "Mama yako na baba yangu si tumbo moja?"

Pazia likavutwa, likafungwa vizuri zaidi.

"Mimi na wewe ni binamu. Tumeoana, tuna watoto, na hao wajukuu. Sasa bibi wa miaka elfu ndiyo atuzuie?"

Mgeni mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Halafu baba naye akashindwa kujizuia, na kicheko kikahamia nyuma ya pazia, kwa wanawake wote ila mmoja. Kicheko kilipoisha wakaanza kuzungumzia mahari. Hakuna aliyekumbuka kuniambia nikae, nikakaa mwenyewe.

Ndoa ilifungwa baada ya mfungo. Shangazi na mama wa kijana walivaa sare wakakaa pamoja, wanamega mkate wa kumimina na kuwasema wapishi. Mimi kamati ilinipanga upande wa viti, kazi isiyohitaji maneno. Nilipokuwa nawapangia wageni, mzee mmoja kutoka Mwera, ambaye siku ya posa hakuwepo, aliniuliza kwa upole nafanya kazi gani.

"Nafundisha," nikamwambia, nikaenda kuleta viti vingine.