Mkwe Aliyeniomba Nafasi Yangu

Mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, ni mpiga taipu. Mimi shule niliishia darasa la pili. Kuandika kwa kueleweka nimefundishwa na yeye, kichwa changu kimeshajaa mvi. Alinipa kompyuta yao kuukuu yenye programu ya kuandikia, herufi akazikuza kama maharage. Humo nimeandika barua kumi na moja, na mtu asiniambie ni kidogo.

Ofisi yake ilipofungwa, akaamua kufanyia kazi nyumbani. Wakili mmoja akampa kurasa arobaini, zinatakiwa kesho yake saa sita mchana. Akanunua kompyuta, programu ile ya kuandikia ikakataa kufanya kazi. Leseni yake tuliyolipia hapa nyumbani inaruhusu kompyuta tatu tu, na nafasi zote zilishajaa: ya mwanangu kwa kazi zake, ya mjukuu aliyeko chuoni, na yangu.

Nikiwa jikoni nikamsikia mwanangu. "Mtoe mama. Unabonyeza hapo hapo kwenye akaunti, wala hatajua."

"Yeye hatajua, mimi nitajua," mkwe akamjibu.

Akaja, akavuta kigoda, akanieleza yote. Nikakataa. "Na barua zangu ziende wapi?"

"Haziendi popote, mama. Utazifungua, utazisoma. Kuandika tu ndiko hutaweza."

"Maneno matamu kama hayo hata muuza dawa ya panya anayo."

Akacheka. Hakubishana nami. Akazichapisha barua zote kwenye karatasi, akanipa mkononi zikiwa bado na joto, na huku kazi ya wakili inamngoja. Hapo nikaona haya.

"Haya, nitoe. Lakini nikiwa naona."

Akanitoa. Nikafungua barua ya kwanza, niliyomwandikia dada yangu. Ipo. Nikabonyeza herufi, kimya. Nikaikandamiza kwa nguvu, maana sishindwi kirahisi. Kimya.

Kurasa za wakili zilifika saa tano na nusu, na mpaka leo anamletea kazi.

Mimi je? Akimaliza yake, anakuza herufi, anainuka. "Mama, zamu yako." Haya nayaandika kwenye kiti chake, naye yuko mlangoni anajidai hatazami. Ahsante za mdomo siziwezi. Nikimaliza nitamwita asome mwenyewe.